Darasa la tatu: shambani wanapata 26, daftarini wanaandika 34. Tatizo liko wapi?

#1 mwalimu_wa_chaki

Wadau, salaam.

Nafundisha darasa la tatu katika shule moja ya kijijini, wilaya ya Kilosa. Hisabati na sayansi zote ni zangu, na watoto ni 80 na ushee kwenye chumba kimoja. Wiki iliyopita azimio la kazi lilinikutanisha na mada mbili kwa pamoja: kwenye sayansi mimea inayotoa maua, kwenye hisabati kutoa kwa kukopa. Nikaona nisijitese. Nikawapeleka wote bustani ya shule, upande wa maboga.

Tukahesabu maua yaliyochanua, yakawa 43. Tukahesabu yale yenye kiboga kidogo chini ya ua, 17. Nikauliza: mangapi hayana kiboga?

Wengi walisema 26. Niliwasikia wakihesabu wenyewe, wanatoka kumi na saba wanapanda mpaka ishirini, thelathini, arobaini, na tatu juu yake. Tukarudi darasani, nikaandika ubaoni 43 − 17, wima. Zaidi ya nusu wakaandika 34. Na ndani ya hao wapo waliosema 26 nje! Nikamwita mmoja nikamwuliza, mbona kule ulinipa 26? Akanijibu bila wasiwasi wowote: "Ile ilikuwa ya maboga, mwalimu."

Vijiti nimetumia, vizibo vya soda nimetumia, hata abakasi ya waya na shanga ninayo. Kwa nini inakuwa hivi?

La pili: mtoto mmoja alichuma maua yote yasiyo na kiboga, eti hayana kazi. Nikamweleza ni maua dume. Akaniuliza, "Sasa mbona madume ni mengi kuliko majike?" Hapo nikasema tutajibu kesho. Kesho imefika, nisaidieni.

#2 Ngosha_Mtata

Mwalimu, hongera kwa kuwatoa nje. Ila hili la 34 mmelipanda wenyewe huko darasa la kwanza. Mtoto anaimbishwa kila siku kwamba namba kubwa haitoki kwenye ndogo, toa ndogo kwenye kubwa. Anafika la tatu, anakuta 3 juu na 7 chini. Afanye nini? Anatoa ndogo kwenye kubwa: 7 toa 3 ni 4. Kisha 4 toa 1 ni 3. Amewatii, halafu mnampa kosa.

#3 fundi_kodi

Naunga mkono #2, na kuna watu walishalichimba hili. Mwaka 1978 huko Marekani John Seely Brown na Richard Burton walikuwa na programu ya kompyuta iliyoitwa BUGGY, kazi yake ilikuwa kuiga makosa ya watoto kwenye hesabu za kutoa. Walichoonyesha ni kwamba makosa mengi hayaji ovyo. Mtoto ana kanuni yake. Ni mbovu, lakini anaifuata bila kuyumba. Hiyo ya kutoa tarakimu ndogo kwenye kubwa, iwe juu au chini, ni miongoni mwa zile maarufu zaidi.

Fanya jaribio, mwalimu. Wape 402 − 178. Anayeandika 376 yuko kwenye kanuni ile ile. Anayeandika 324 ana ugonjwa mwingine: sifuri ameigeuza 9 lakini ile 4 ya mamia hakuigusa. Ukisoma majibu namna hiyo unajua nani umkalishe na nani, badala ya kurudia somo zima kwa watoto 80.

#4 Ngumi_Jiwe

Mnakuza mambo. Watoto wa siku hizi wavivu, simu zimewaharibu. 402 − 178 ni 234, hesabu ya sekunde mbili, sisi tulifanya kichwani.

#5 mangi_wa_kona

@Ngumi_Jiwe ongeza 178 kwenye hiyo 234 yako uone unafika wapi. Na simu weka chini kidogo.

#6 Ngosha_Mtata

412 😂😂 Mwalimu ongeza dawati moja, mwanafunzi wa 81 huyu hapa.

#7 Ngumi_Jiwe

Vidole vimeteleza. Hoja yangu iko pale pale.

#8 Mzee wa Lupa

Sisi hatukufundishwa kukata tarakimu na kuandika vinamba juu yake kama mnavyofanya sasa mpaka daftari linakuwa chafu. Mwalimu wetu alituambia: kumi juu, moja chini. 43 toa 17. Tatu haitoshi, ipe kumi iwe kumi na tatu. Ile moja ya chini iongezee moja iwe mbili. 13 toa 7, sita. 4 toa 2, mbili. Umemaliza.

Na hiyo 402 inayowatoa jasho: 12 toa 8, nne. Saba imekuwa nane, 10 toa 8, mbili. Moja imekuwa mbili, 4 toa 2, mbili. 224. Sifuri haikunitisha hata kidogo.

#9 binti_Msowero

Shikamoo mzee. Nimeijaribu, inafanya kazi kweli. Swali langu la kichokozi: waliwahi kuwaambia KWA NINI unaongeza moja chini?

#10 Mzee wa Lupa

Marahaba binti yangu. Hawakutuambia, na hatukuuliza, fimbo ilikuwa mezani.

#11 fundi_kodi

Mzee, sababu ipo na ni nzuri. Umeongeza kumi kwa namba ya juu na kumi kwa namba ya chini, kwa hiyo tofauti haibadiliki. Chukua baba wa miaka 43 na mwanawe wa 17. Miaka kumi ikipita watakuwa 53 na 27, lakini baba anamzidi kwa 26 vile vile. Ujanja wa njia hiyo ni kwamba ile kumi ya juu unaiweka kwenye mamoja, na ya chini unaiweka kwenye makumi, ambako inaonekana kama moja.

Mashuleni Ulaya njia hii ilitumika miaka mingi. Mwaka 1949 Brownell na Moser wa Marekani walichapisha kazi yao ya kulinganisha njia hii na ile ya kukopa kwa kuvunja kumi, kwa watoto wa darasa la tatu hasa. Waliona kuvunja kumi kunakoelezwa maana yake ndiko kuliwafaa watoto zaidi. Neno zito hapo ni "kunakoelezwa maana". Ukifundisha kwa kukariri, sioni sababu ya kuiacha ya mzee.

#12 Mwl_Mstaafu_Same

Hapo ndipo penyewe. Mwalimu wa chaki, unasema ulitumia vijiti. Ulivifunga? Nimewakuta walimu wengi wanawapa watoto vijiti 43 vimetawanyika, mtoto anaondoa kimoja kimoja mpaka 17, anahesabu vilivyobaki, anapata 26. Jibu sahihi, lakini hajakutana na kumi hata mara moja! Vizibo navyo ni hivyo hivyo, havifungiki. Vijiti vifungwe kwa mpira au nyuzi za katani, mafungu manne na vitatu vya pembeni. Ukimwambia toa saba, LAZIMA afungue fungu. Akishafungua kwa mkono wake ndipo umwonyeshe kwamba ile 4 iliyokatwa ikawa 3 ni lile fungu alilolifungua. Vyote viwili vikae mezani kwa wakati mmoja, vijiti na daftari. Ukifundisha vijiti Jumatatu na daftari Alhamisi, kwake hayo ni masomo mawili.

#13 mwalimu_wa_chaki

@Mwl_Mstaafu_Same havikufungwa, mwalimu wangu. Nimekuelewa.

#14 mangi_wa_kona

Mimi ni wa dukani, si wa shule. Mteja anachukua vitu vya 3,700, ananipa noti ya 10,000. Mnadhani nakopa kwa jirani sifuri? Natoka 3,700 naenda 4,000, hiyo 300. Naenda 5,000, hiyo 1,000. Inabaki noti ya 5,000. Chenji 6,300, mteja mwingine. Watoto wako kule kwenye maboga walifanya hivi hivi, umeandika mwenyewe. Wana njia inayofanya kazi. Ninyi mnaizima na kuwasha nyingine.

#15 Nyakanga

Umenikumbusha utafiti wa Recife, Brazil, wa 1985 (Carraher wawili na Schliemann). Walinunua vitu kwa watoto wachuuzi, wakawauliza hesabu pale pale kibandani, watoto wakapata 98 kati ya 100. Baadaye wakawapa hesabu hizo hizo kwa penseli na karatasi, bila hadithi yoyote, wakaanguka mpaka 37. Walipozivika hadithi wakawa katikati, kama 74. "Ile ilikuwa ya maboga" ni Recife tupu.

Ila angalizo, watoto wenyewe walikuwa watano tu. Tusiujengee ghorofa.

#16 Tusker_wa_Sengerema

Hizo nondo zote nzuri, lakini nani kati yenu amesimama mbele ya watoto 80? Mtihani unataka njia, na njia iliyo kitabuni ni ya kukopa. Wathibiti ubora wakija wanafungua andalio la somo, hawafungui duka la Mangi. Mtoto akipanda kutoka 178 mpaka 402 kwa midomo, mimi nasahihisha nini?

#17 mangi_wa_kona

Unasahihisha 224.

#18 Tusker_wa_Sengerema

Na aliyechungulia kwa jirani naye?

#19 mama_gredi3

Hamjambo, mimi niko Kiambu. Huku kwetu chini ya mtaala wa umilisi mambo ni yale yale, mtoto wangu wa Gredi ya Tatu naye hupindua. Nilichoona kwake ni kwamba kwa ulalo, 43 − 17 kwenye mstari mmoja, anaifikiria kama namba nzima na anakaribia jibu. Ukiiandika wima tu, haoni tena arobaini na tatu. Anaona 4 na 3, na 1 na 7, kama watu wasiojuana. Kwa hiyo mimi nalaumu kuandika wima mapema. Iwekwe kando mpaka akili itulie.

Kuhusu maua: juzi aliagizwa alete ua la petali tano, nikamkatia bogenvilia ya lango. Akarudi nalo, mwalimu kalikataa. Kwani hilo si ua?

#20 DaktariMajani

Nilikuwa nasoma kimya, sasa nimeitwa. Mama, mwalimu alikuwa sahihi. Zile rangi za bogenvilia, zambarau au nyekundu, ni majani yaliyobadilika, na huwa matatu matatu. Maua yenyewe ni vile vimrija vyembamba vyeupe au vya rangi ya maziwa vilivyo katikati. Wengi wanapita hapo kila siku hawajawahi kuviona. Kwa petali tano chukua bamia, ua kubwa, njano iliyofifia, kila sehemu inaonekana kwa macho, na ukilipasua kwa wembe mtoto anaona ovari ndani. Pamba nayo ni ya ukoo huo huo.

Sasa maboga ya Kilosa. Madume ni mengi, na pia yanatangulia kuchanua, wakati mwingine wiki nzima kabla ya jike la kwanza. Ndiyo maana wakulima wapya hulalamika maua yanapukutika bila kuzaa. Hesabu ya mmea iko hivi: ua dume kazi yake ni chavua, linachanua alfajiri, mchana limesinyaa. Ua jike likifanikiwa, mmea unabeba boga zima, na boga ni mzigo. Hauwezi kujaza majike kila fundo. Na chavua haijipeleki yenyewe, nyuki ndiye anayeibeba. Madume yakiwa mengi, nyuki anayetua kwenye jike ana uwezekano mkubwa wa kuwa ametoka kwa dume.

Yule mtoto aliyechuma yote, mwachie somo lijifundishe. Vile viboga vya siku hiyo ambavyo havikuwa vimechavushwa vitageuka njano na kudondoka.

#21 Kijana_wa_Mbozi

Nakubali kwa sehemu, Daktari. Lakini sisi tunaolima tunajua samadi ikizidi, boga linatambaa majani na maua dume mpaka barabarani. Shamba lisilo na mbolea nyingi linawahi majike. Bustani za shule mara nyingi ziko karibu na mahali ng'ombe walipolala. Mwalimu, kuna zizi hapo?

#22 DaktariMajani

Nitrojeni nyingi inachangia, sipingi. Joto kali na mchana mrefu navyo huvuta upande wa madume kwenye ukoo mzima wa maboga na matango. Kwa hiyo mtoto akiuliza mbona ni mengi, majibu ni zaidi ya moja, na sidhani kama kwa bustani ile unaweza kuyatenganisha.

#23 bibi_Tunduru

Huku kwetu hayo madume ndiyo mboga. Unachuma asubuhi, unatoa ile nguzo ya katikati na vinyweleo vya nje, unachanganya na majani yake machanga na karanga. Unaacha machache ya nyuki. Huyo mtoto hakuharibu, alikosa sufuria tu.

#24 mwalimu_wa_chaki

😂😂 Bibi umeniua. Zizi halipo, lakini mbuzi wa jirani ndio wenye bustani kwa kweli.

#25 Mpemba_wa_Wete

Sie huku ua ndiyo pesa. Karafuu ni kitumba cha ua, huchumwa kabla hakijafumbuka. Ukichelewa likachanua, thamani imekwenda. Mie skuli nilifundishwa sehemu za ua kwa picha ya ua la Ulaya nisilolijua, ilhali nyumba nzima ilikuwa inanuka karafuu. Mwalimu angetupa kila mmoja kitumba kimoja tukipasue tungeona petali zimejikunja kichwani kama kofia.

Na kutoa kupo hapo hapo. Pima karafuu na makonyo yake, ambua, pima makonyo peke yake, sema karafuu tupu ni kilo ngapi. Kila mtoto wa Pemba anaijua kazi hiyo, maana wakati wa msimu ndiyo kazi yenyewe.

#26 Mufindi_Baridi

Swali la haraka. Sisi tuko kwenye misonobari ya Sao Hill, watoto wanajua huo hautoi maua. Pwani mwanangu kaona mvinje, kaandika kwenye zoezi "mmea usiotoa maua", kapewa kosa. Mvinje si msonobari wa pwani?

#27 DaktariMajani

Si ndugu hata kidogo. Zile zinazoonekana kama sindano za mvinje ni vijitawi vya kijani, majani yake ni magamba madogo sana kwenye viungo, vuta kimoja uone kinavyokatika pingili pingili. Na mvinje unatoa maua, madogo, dume kwenye ncha na jike kama kifundo chekundu. Upepo ndio unaochavusha kwa hiyo hayana haja ya kujipamba. Kwa wasiotoa maua mpe msonobari, kangaga na kuvumwani, hapo hakosi.

#28 Ngumi_Jiwe

Na mkuyu? Mkuyu hautoi maua, kila mtu anajua. Nimekaa chini ya mkuyu utoto wangu wote sijaona ua.

#29 bibi_Tunduru

Unatoa usiku wa manane, na anayeliona hutajirika. Hujawahi kuliona ndiyo maana unabishana mtandaoni.

#30 DaktariMajani

@Ngumi_Jiwe umeyaona maelfu na umeyala. Kuyu lenyewe ni mfuko wenye maua ndani, yamegeukia katikati. Kuna nyigu wadogo sana wanaoingia kwa kitundu cha kitako cha tunda kutaga na kuchavusha humo humo. Pasua kuyu bichi kwa wembe, tumia kioo cha kukuzia. Ukimwekea mtoto alama ya kosa kwa kusema mkuyu unatoa maua, utakuwa umemwonea.

#31 Ngumi_Jiwe

Kwa hiyo nimekula nyigu?

#32 Nyakanga

Karibu kwenye sayansi, mkuu.

#33 Mzee wa Lupa

Mmesahau mpapai. Mpapai dume ukikusumbua, pigilia msumari kwenye shina au ukate kichwa, utazaa. Nimefanya mwenyewe na nikala mapapai.

#34 Kijana_wa_Mbozi

Mzee kwa heshima zote, msumari ule unapigwa mwaka ambao mti ulikuwa tayari unaelekea kubadilika. Hatukumbuki misumari iliyoshindwa.

#35 DaktariMajani

Jinsia ya mpapai inatokana na urithi. Dume ana maua mengi yenye vikonyo virefu vinavyoning'inia, jike ana makubwa yaliyobana shina, na kuna wenye jinsia zote mbili kwenye ua moja. Madume na hao wa jinsia mbili wakati mwingine hubadilika hali ya hewa ikibadilika, ndipo unaona vipapai vinaning'inia kwa kamba ndefu. Kukata kichwa kunautikisa mti, lakini msumari sina cha kuutetea.

#36 Mzee wa Lupa

Mapapai nilikula.

#37 Tusker_wa_Sengerema

Mods, uzi ulikuwa wa hisabati. Mtoto wa 34 bado ana 34.

#38 Kijana_wa_Mbozi

Narudi kwenye hisabati basi, na sitoki shambani. Mahindi ni zana bora kuliko maboga. Mbelewele juu ni dume, zile nywele ni jike, na kila unywele umetoka kwenye punje moja. Unywele usiopata chavua, punje yake haijai, unaona pengo. Chukua hindi lenye mapengo. Safu nzima ilipaswa kuwa na punje 35, zimejaa 28, nywele ngapi zilikosa chavua? Saba. Hapo 5 toa 8 haitoshi, kukopa kupo, na hesabu yenyewe ni ya sayansi. Kisha waulize mapengo yametokana na nini. Huku utasikia ukame wakati wa kutoa nywele, utasikia viwavijeshi vamizi vilikula nywele, utasikia mbegu mbovu. Wabishane.

Na jambo la ziada: hesabuni safu kuzunguka hindi. Daima ni shufwa. 12, 14, 16. Hamtapata witiri.

#39 binti_Msowero

Nimekimbia jikoni. 14, 14, 16. Jamani!! Kwa nini?

#40 DaktariMajani

Vishada vya maua ya jike hujipanga viwili viwili tangu hindi likiwa dogo. Kila jozi inazaa safu mbili.

#41 mwalimu_wa_chaki

Wadau, mrejesho. Nimewapa 402 − 178 kama alivyosema fundi_kodi. 376 ndilo kundi kubwa. 324 nao wapo, kama wachezaji wa timu moja ya mpira. Nimewakalisha tofauti. Wa 324 tumefanya mafungu ya vijiti mia kwa mpira mwekundu. Kufungua mia ili upate kumi, kisha kufungua kumi ili upate moja, iliwachukua muda, lakini niliona nyuso zinabadilika. Kundi la 376 ni gumu zaidi. Wakiwa na vijiti wanapata, nikiondoa vijiti wanarudi. Nitaendelea na ushauri wa kuweka vyote mezani.

Halafu yuko mtoto mmoja kaandika 224 bila kazi yoyote. Nikamwambia nieleze. Akasema: 178 nimeenda 180, nikaenda 200, nikaenda 400, nikaenda 402. Mbili, ishirini, mia mbili, mbili. Nimpe vema au nisimpe?

#42 mangi_wa_kona

Mpe na kazi dukani kwangu akimaliza shule.

#43 Tusker_wa_Sengerema

Mpe vema, lakini mwambie aandike hizo hatua nne. Mtihani hausikii.

#44 Mwl_Mstaafu_Same

Hapo nakubaliana na Tusker, na aandike kwenye mstari wa namba, si lazima wima. Ila mwalimu usimwache hapo. Mpe 5,003 − 4,998 na 5,003 − 6 akuambie ipi anapenda kupanda na ipi anapenda kushuka. Anayejua kuchagua huyo hana shida na kukopa.

#45 mama_gredi3

Bado nasema tatizo ni wima.

#46 Ngosha_Mtata

Na mimi bado nasema ni wimbo wa darasa la kwanza.

#47 Ngumi_Jiwe

Acheni hayo. @Kijana_wa_Mbozi nimehesabu hindi langu mara mbili, safu 13. Witiri. Unasemaje?

#48 Kijana_wa_Mbozi

Hesabu katikati, si kwenye ncha, ncha huwa safu zinapotea. Na weka alama ya wino unapoanzia. Piga picha tuione.

#49 mangi_wa_kona

Aliyesema 234 ndiye anatuletea 13. Picha, mkuu.

#50 Ngumi_Jiwe

Picha haipo, nililiweka kibarazani mbuzi kalichukua. Lakini 13 zilikuwepo.